Mkopo wa nyumba miaka 15, nataka kumaliza mapema ila nyumbani wamechoka kubanwa. Nyie mnafanyaje?

BabaWatatu_Kibada

Wakuu habari za jioni. Naomba aliyepitia hili anipe mawazo maana kwangu limeanza kuwa gumu.

Tulichukua mkopo wa nyumba mil 80, riba 16% kwa mwaka, miaka 15, rejesho 1,175,000 kila mwezi linakatwa kwenye mshahara kabla sijaugusa. Nyumba iko Kigamboni upande wa Kibada, tunaishi humo mimi, mke wangu na watoto watatu, mkubwa ana miaka 12, wa kati 9, mdogo 4. Juzi kati nikaenda kuomba taarifa ya mkopo nikae niisome vizuri. Miaka miwili tumelipa zaidi ya mil 28 halafu deni limeshuka mil 3 tu, bado tunadaiwa kama mil 77. Ukiangalia rejesho la mwezi wa kwanza, kwenye ile 1,175,000 riba imechukua 1,066,000 na kitu, kwenye deni lenyewe imeingia laki na elfu nane basi. Ule mstari niliusoma mara mbili mbili.

Kuanzia hapo naongeza laki 6 kila mwezi juu ya rejesho. Mimi na mke wangu tukijumlisha tunapata kama 3.3M baada ya kodi na mfuko wa pensheni, ukitoa rejesho na hiyo nyongeza inabaki mil moja na nusu, hapo kuna ada ya watoto wawili, chakula, nauli, luku, gesi, hela ya mama kijijini, michango, na mtu akiumwa. King'amuzi tumekata, gari nimelipaki napanda daladala na pantoni, kutoka kama familia hakupo, nguo za sikukuu mwaka huu hazikununuliwa. Mimi binafsi naweza, sina shida kabisa.

Shida ni nyumbani. Mke wangu hagombani na mimi ila ameacha kusema, nikimuuliza hiki tununue ananijibu amua wewe. Na wiki iliyopita nimekuta kwenye begi la huyu wa kati barua ya shule ya safari ya Bagamoyo, 45,000, tarehe ya kulipa imeshapita. Nikamuuliza mbona hukunipa, akasema "nilijua hela ni ya benki". Hakulia wala nini, aliongea kawaida kabisa na hilo ndo limeniuma zaidi.

Sasa swali langu, mtu anabana mpaka wapi? Kuacha kulipa mapema sitaki, namba mmeziona zinatisha. Ila sitaki pia hawa watoto wakue wanajua kwamba kwao kila kitu jibu ni hapana. Waliomaliza au wanaoendelea, mlipanga vipi?

---

Mchanga_na_Kokoto

Mkuu ndio maana sisi wengine tunajenga mdogo mdogo, leo tofali, kesho msingi, mwakani bati. Mil 80 inakuja kuwa mil 211 jamani hiyo nyumba umenunua mbili na ushee. Ungenunua kiwanja Chanika huko ukaanza chumba na sebule ukahamia, unamalizia ukiwa ndani.

---

HesabuZaNyumbani

@Mchanga_na_Kokoto ni kweli wengi tumejenga hivyo, ila yeye ameshachukua na anaishi humo, na wapo watu wamepanga miaka kumi huku linta inaota majani, kodi nayo ni hela. Tumsaidie alipo.

Mkuu BabaWatatu, namba zako nimeziingiza kwenye excel. Nimechukulia riba inahesabiwa kwenye salio linalopungua na haibadiliki, deni mil 77, miezi 156 imebaki.

Usipoongeza hata mia utalipa mil 183 nyingine mpaka unamaliza. Ukiongeza laki na nusu tu kwa mwezi unamaliza kwa miaka 9 na miezi kama 5 na umeokoa mil 34. Ukiongeza laki 3, miaka 7 na nusu, umeokoa kama mil 51. Ukiongeza laki 6 kama unavyofanya sasa, miaka 5 na nusu hivi, umeokoa mil 67 na ushee.

Sasa hapo tulia uangalie vizuri. Laki na nusu ya kwanza peke yake imekuletea mil 34, hiyo ni nusu ya faida yote unayoitafuta. Laki na nusu ya pili imeleta mil 16 na kidogo. Halafu ile laki 3 ya mwisho, ambayo ndio hela ya Bagamoyo na nguo na samaki wa Jumapili, imeleta mil 17 na kukutoa miaka miwili mapema. Sisemi mil 17 ni hela ndogo, ila hiyo ndio sehemu ya ghali kuliko zote kwa familia yako. Sababu iko wazi, hela ya kwanza unayoongeza inaua riba ya miaka mingi ya mbele, ya mwisho inakuta muda wenyewe umeshafupika, riba ya kuua imebaki kidogo.

Ningekuwa wewe ningeshika laki 3 kila mwezi bila kukosa, laki 3 nyingine irudi nyumbani. Halafu hela za mkupuo, bonasi, hela ya likizo, malimbikizo kama yapo, nusu yake iende kwenye deni siku hiyo hiyo kabla haijapoa. Mkupuo ukiwahi una nguvu sana. Mil 5 ukiiweka leo, hata usiongeze kitu kingine kila mwezi, inakata kama miezi 28 kule mwishoni.

Kingine hujakitaja, akiba ya dharura unayo? Kama huna, hiyo laki 3 inayorudi nyumbani miezi ya mwanzo sehemu yake iende huko, mpaka mfikishe matumizi ya miezi mitatu na rejesho lake. Hela ukishaiingiza kwenye mkopo benki hawakurudishii, mtoto akilazwa usiku utaenda kukopa kwenye simu na ile riba ya kwenye simu hii 16 itakuwa cha mtoto. Weka UTT, ile kampuni ya serikali ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kwenye mfuko wao wa ukwasi, ukiihitaji unaipata ndani ya siku chache za kazi. Na watakuja wa kukwambia acha kulipa deni, nunua hatifungani, yaani uikopeshe serikali ikulipe riba. Ile hatifungani ya serikali ya miaka 25 ilipoanza 2021 ilikuwa 15.95%, nzuri sana, ila wewe deni lako ni 16, kila shilingi unayolipa mapema inakupa 16 ya uhakika. Kwahiyo kulipa mapema uko sahihi kabisa, tunabishana kasi tu.

---

MamaPili_Mbagala

Kaka yangu nimesoma mpaka mwisho na nataka nikwambie kitu kutoka upande wa huyo mkeo ambaye hayupo hapa.

Mume wangu na mimi tulilipa mkopo wetu tukamaliza miaka minne kabla ya muda, tuna watoto wanne, kwahiyo kubana nakujua. Mke akianza kusema "amua wewe" maana yake amejiona hana sehemu kwenye mpango. Ile nyumba nayeye aliisaini, nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi, sheria ya ardhi iko hivyo, sasa kama saini yake ilitakiwa kwenye kuingia deni basi na sauti yake itakiwe kwenye kulitoa. Mpe hiyo taarifa ya mkopo aisome mwenyewe, mkae mezani watoto wamelala, muulize yeye anaona nini kinaweza kupungua. Utashangaa, sisi wanawake ndio tunajua mafuta ya kupikia yanaisha siku ya ngapi na nani anayamaliza. Mume wangu alikuwa anataka tupunguze nyama, mimi nikamwambia hela haiko kwenye nyama baba, iko kwenye kununua kidogo kidogo dukani kwa Mangi kila jioni. Sukari robo, mchele kilo moja, sabuni kipande, kiberiti, kila siku buku tano sita zinatoka hazionekani. Tukaanza kuchukua gunia la mchele tunagawana na jirani, maharage debe, mafuta dumu la lita ishirini, na samaki naenda mwenyewe Feri asubuhi mapema na wenzangu wawili tunanunua kwa mnada tunagawana, natengeneza nagandisha. Hapo tulikula vizuri kuliko kabla ya mkopo na hela ilibaki.

Pili, michango. Hujaandika ni shilingi ngapi ila naijua hii mikoa yetu, kadi ya harusi, send-off, kitchen party, ubarikio, na hapo misiba hujaihesabu. Mkae mpange fungu la mwaka mzima. Msiba unatoka kwanza, huo haukataliki. Harusi za ndugu wa karibu zinafuata, wengine unawapa ulichonacho siku hiyo hiyo mkononi na unawaombea heri. Kinachoumiza ni zile ahadi, mtu anaandikwa laki kwenye kikao kwa aibu halafu miezi mitatu anakimbia simu za mweka hazina. Sema elfu ishirini, toa, imeisha. Watu wananuna wiki moja wanasahau.

Tatu, watoto, na hapa naomba unisikilize sana. Cha kubana kianzie kwa watu wazima. Mtoto wa miaka tisa ameshajua kuficha barua ili asikusumbue, huyo hahitaji tena kufundishwa kubana, ameshavuka. Anahitaji kujua kwamba anaruhusiwa kuomba. Sisi tuliwapa watoto kila mmoja fungu lake la muhula, dogo tu, na likitajwa ni lake, anaamua mwenyewe kama ni safari ya shule au viatu vya mpira au anaweka. Wa kwangu wa pili aliweka mihula mitatu akanunua baiskeli iliyotumika, akaiosha, na mpaka leo anasema ni kitu alichonunua yeye. Hela ilikuwa ile ile tungetumia, ila jibu halikuwa hapana, jibu lilikuwa angalia fungu lako.

Na mko Kigamboni jamani! Bahari iko pale. Jumapili mnabeba wali na maharage kwenye hotpoti, maji ya kunywa, mnakaa ufukweni mpaka jua linazama, hamjalipa hoteli yoyote.

Safari ya Bagamoyo mpeleke mwenyewe na ndugu zake, mkeo abebe chakula, muonyeshe Kaole na boma la Wajerumani. Usingoje deni liishe.

---

BabaWatatu_Kibada

@HesabuZaNyumbani asante sana aisee, nilikuwa naamini kila laki inafanya kazi sawa na nyingine. Akiba tunayo ya mwezi mmoja tu, hiyo nimeichukua.

@MamaPili dada yangu ubarikiwe. Nimemsomea mke wangu hapa majibu yako neno kwa neno, hapo kwenye mafuta amecheka, ameomba nimuulizie hilo gunia la mchele mnagawanaje na jirani bila kugombana. Na taarifa ya mkopo ameichukua anaisoma sasa hivi na kalamu mkononi.

Nina jambo jingine nilikuwa nawaza, kuhamisha hawa wakubwa wawili kutoka inglish midiam kwenda kayumba, shule ya msingi ya serikali. Ada yao kwa mwaka ikijumlishwa na basi la shule ingekata deni sana. Mnaonaje?

---

Nyambura_Kitengela

Hamjambo, mimi niko Kenya lakini hii mambo ni sawa tu. Kitu moja nimeona hakuna mtu amegusia ni riba yenyewe kupanda. Sisi huku benki kuu ilipandisha riba yake hadi 13% Februari 2024, na benki yangu ikaniandikia barua rejesho linapanda, na mimi nilikuwa nimejibana hadi mwisho, kila shilingi ina kazi, hakuna mahali pa kutoa. Walianza kushusha Agosti mwaka huo lakini hiyo miezi katikati watoto wangu ndio waliisikia. Kwa hivyo angalia mkataba wako kama riba ni ya kubadilika, na kama ni ya kubadilika usijibane asilimia mia, acha nafasi ya kupumua. Ile laki 3 umeambiwa urudishe nyumbani pia ni nafasi yako ya kupumua.

Na kwa Wakenya wenzangu wanaosoma hapa, riba ya mkopo wa nyumba unayoishi inatolewa kwenye mapato yako kabla ya kodi, ilikuwa mwisho 300,000 kwa mwaka na kutoka mwisho wa Desemba 2024 ikawa 360,000. Peleka cheti cha riba kwa mwajiri au uweke kwenye ritani yako ya kodi, watu wengi wanaacha hiyo pesa tu. Mimi yangu ikirudi huwa nagawanya, nusu mkopo, nusu tunaenda kwa cucu (nyanya) ya watoto Nyeri wakakae na binamu zao. Hiyo safari haiguswi hata mambo yawe namna gani.

Gunia la mchele mwambie mama watoto wanunue mzani moja ya pamoja. Sisi kwa chama ndio ilimaliza maneno.

---

Mwl_Mstaafu

Kijana wangu, nimefundisha shule za msingi za serikali maisha yangu yote kwahiyo sitakwambia kayumba ni mbaya, nimetoa madaktari humo. Serikali imefuta ada tangu 2016 msingi mpaka kidato cha nne, na kidato cha tano na sita tangu 2022. Lakini usihamishe mtoto kwa sababu ya excel peke yake.

Huyo wa miaka 12 bila shaka yuko karibu na mtihani wa darasa la saba. Amesoma masomo yote kwa Kiingereza, ukimpeleka leo atafanya mtihani wa hisabati na sayansi kwa Kiswahili, istilahi zote ngeni kwake, mwaka huo mmoja utampotezea kitu ambacho hakirudi. Muache amalize hapo hapo, sekondari mpeleke ya serikali, huko lugha ya kufundishia ni Kiingereza atakuwa yuko vizuri na ada utakuwa umeiacha bila kumuumiza. Huyo wa 9 unaweza kumhamisha akiwa bado ana muda, ila kaeni naye mzungumze, nenda shule ya karibu ukahesabu watoto darasani, ongea na mwalimu mkuu, angalia vyoo, uliza uji upo. Zipo pia shule za serikali za mchepuo wa Kiingereza kama Olympio pale Upanga, zina ada yake na nafasi zake zinagombewa, na kutoka Kibada ni mbali kwa mtoto.

Huyo mdogo wa 4 ndio mahali pa kuokoa hela nyingi kuliko wote. Bado hajaanza, hana cha kupoteza. Akianza awali ya serikali hapo mtaani na jioni mnamsomea nyumbani, atasoma tu. Na ile hela ya basi, kama shule ya wale wakubwa ina wazazi wengine jirani zenu, kuna watu Kigamboni wanachangia bajaji moja ya kuaminika asubuhi na jioni, ulizeni.

---

BabaWatatu_Kibada

Mwalimu shikamoo, na asante. Huyo mkubwa yuko la sita kweli. Basi anabaki. Huyu wa kati tutamuuliza mwenyewe.

Tumekaa na mke wangu tumekubaliana hivi, nyongeza ni laki 3, yeye ndio atashika fungu la nyumbani na la michango, mimi sitaingilia, watoto wakubwa wanapata fungu la muhula kuanzia Januari. King'amuzi yeye mwenyewe amesema kisirudi ila wanataka Jumapili ya baharini. Amesema pia gari litoke siku hiyo ya Jumapili tu, nimekubali.

La mwisho wakuu, hizi laki 6 za nyuma nilikuwa naweka kwenye akaunti ile inayokatwa rejesho, nimeangalia tena taarifa na sizioni zikishusha deni. Hii ni kawaida?

---

Karani_wa_Mikopo

Mkuu nimefanya kazi ya mikopo ya nyumba, hilo linatokea sana na kesho asubuhi uende. Benki nyingi hela ikizidi kwenye akaunti hawaipeleki kwenye deni mpaka uwaambie, inakaa tu inasubiri marejesho ya mbele, riba inaendelea kuhesabiwa kwenye deni lile lile. Kama bado ipo hapo, waombe waiingize yote kwa mkupuo.

Andika barua. Taja namba ya mkopo, sema nyongeza yote iliyopo na itakayokuja iende kupunguza deni la msingi, halafu andika wazi kwamba unataka muda wa mkopo ufupishwe na rejesho libaki lile lile 1,175,000. Usipoandika hilo wengine wanakushushia rejesho na kuacha miaka vilevile, utafurahi mwezi huo lakini hutamaliza mapema kama ulivyopigiwa hesabu hapo juu. Omba ratiba mpya ya marejesho kila ukiingiza hela kubwa. Na kabla hujaingiza soma mkataba sehemu ya kulipa kabla ya muda, kuna mikataba ina ada ya asilimia fulani kwa malipo ya mapema au inaruhusu mara chache kwa mwaka, kama ndivyo ni bora ukusanye uingize kwa vipindi kuliko kila mwezi.

Angalia pia bima ya mkopo imeandikwa jina la nani. Kama mapato ya wote wawili yalihesabiwa kwenye kupewa mkopo, ulizia kama na mkeo yumo.

Siku mkimaliza msiishie kupokea hati na kupiga picha. Benki wanatakiwa wawape hati ya kufuta rehani iliyosainiwa, mnaipeleka kwa Msajili wa Hati iandikishwe, bila hivyo kwenye daftari la msajili nyumba inaendelea kusomeka imewekwa dhamana hata kama hamdaiwi shilingi. Nimekutana na familia imegundua hilo mzee ameshafariki.

Hiyo barua ya kesho itoe nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokea ubaki nayo.